Magoti Yenye Joto

Kila asubuhi, kabla sijafungua faili wala kuuliza nani kalala vipi, nilipitisha mgongo wa mkono wangu juu ya magoti ya wagonjwa wote wa wodi. Vitanda ishirini na vinne, magoti arobaini na nane. Kuna miezi miwili yalikuwa arobaini na saba, kwa sababu ya mzee mmoja aliyekatwa mguu, na yeye ndiye aliyenibatiza. "Mama Magoti," alisema, "hili langu limebaki yatima, lipe salamu mbili." Wodi nzima ilicheka na jina likaganda. Wauguzi wapya hawakunijua kwa jina jingine.

Mzaha ule ulikuwa na kazi yake, na nitaieleza mara moja tusije tukarudia. Watu wengi wakisikia neno mshtuko hudhani mtu kapewa habari mbaya akaanguka. Sisi wauguzi tunasema mgonjwa ana mshtuko pale damu inaposhindwa kuufikia mwili inavyotakiwa, na viungo vinaanza kufa njaa kimoja kimoja. Mwili nao si mjinga. Ukinusa hatari huinyima miguu ili ulishe ubongo na moyo, kwa hiyo goti hupoa mapema, wakati mashine ya presha bado inakuonyesha namba za kufurahisha. Muuguzi mkuu aliyenitangulia alinifundisha hivyo, nami nikawafundisha wengine, hadi nikachora bango nikalibandika juu ya meza ya zamu kwa wino mwekundu na herufi kubwa kama za duka la nyama: GOTI BARIDI, KIMBIA. GOTI LA MOTO, TULIA.

Nilikuwa pia na daftari. Lilikaa kwenye kabati la dawa, lina safu sita, na kila mgonjwa wa mshtuko aliyepita mikononi mwetu nilimchorea kijistari chake. Wanafunzi wa uuguzi walikuja na vitabu vyao vizito wakiuliza, "Mama, aina zote hizi mnaziona kweli?" Niliwafungulia wajionee. Katika miaka kumi na miwili, waliopungukiwa damu au maji walikuwa mia mbili arobaini na mmoja. Maambukizi yaliyoingia kwenye damu, mia moja themanini na saba. Moyo uliochoka kusukuma, thelathini na tisa. Mzio, kumi na wanne, mmoja wao daktari wetu wa meno aliyeumwa na nyuki akija kazini. Waliovunjika uti wa mgongo, watatu. Walioziba njia ya damu, wawili tu. "Wafahamuni wageni wenu wa kila wiki," niliwaambia, "na msimsahau wa mara moja kwa miaka sita, maana huyo ndiye atakayewakuta mmelala." Waliandika haraka haraka, nami nilijisikia mtu. Lakini kijistari kimoja katika daftari lile kilikuwa cha uongo, na niliyekichora ni mimi.

Jumanne ile nilikabidhiwa zamu na Kasuku. Ndivyo nilivyomwita yule muuguzi kijana, kwa upendo kabisa, kwa kuwa neno langu lolote ulilikuta mdomoni mwake kesho yake, pamoja na kikohozi changu. Ndiye niliyemkusudia kuirithi meza ile. Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu.

"Kitanda cha tisa, fundi wa cherehani," alisema. "Anaruhusiwa leo. Daktari alisaini jana. Binti yake yuko nje na begi, na kitanda kina mtu anakisubiri mapokezi."

Fundi huyo alikuwa mama wa miaka sitini na kitu aliyejichoma sindano kiganjani, mkono ukavimba hadi kiwiko. Jipu lilipasuliwa, akapewa dawa siku nne, uvimbe ukanywea. Wodi nzima ilimpenda kwa sababu ya macho yake. Alikuwa akimtazama mtu mara moja tu na kumtajia vipimo vyake, na hakukosea hata nukta. Jana yake alikuwa amenikagua toka juu hadi chini mbele ya daktari. "Kifua arobaini na nne, kiuno thelathini na tisa," alisema, "na umejitia kwenye sare ya thelathini na sita. Vifungo vyako vinasali." Daktari alilazimika kutoka nje ili acheke.

Nilimgusa magoti. Yalikuwa ya moto, makavu, yana damu ya kutosha. Magoti ya mtu anayekwenda nyumbani.

"Haya fundi, leo unipime kwa mara ya mwisho," nilimchokoza.

Alinitazama, akatabasamu polepole. "Wewe nitakushonea ya ishirini na mbili," alisema. "Na kola ya shule, mwanangu. Usichelewe kengele."

Wa kitanda cha nane aliangua kicheko. Kasuku naye alicheka. Nami nilicheka, nikasonga mbele, nikagusa magoti ya kitanda cha kumi, ya cha kumi na moja, na hapo mkono wangu ukagoma kuendelea.

*Zima injini, dada. Inachemka.*

Sauti ile ilikuwa ya dereva wa lori, miaka mitatu nyuma, kitanda cha kumi na saba. Alikuwa na kidonda cha muundi, magoti yake ya moto kama haya, na aliponiambia nizime injini nilimjibu, "Tumeshafika, bwana, shuka," nikacheka, nikaenda zangu. Sekunde kumi nilimpa, pengine hata kumi hazikufika. Saa sita mchana magoti yalikuwa barafu. Saa kumi alikuwa amefunikwa shuka. Ndipo nilipofukua kitabu cha zamani na kusoma kile ambacho mwalimu wangu hakunifundisha, au alinifundisha nami nikakitupa: kwamba mshtuko wa maambukizi, mwanzoni, unaweza kufanya kinyume na mwingine. Mishipa hulegea, damu humwagika kwenye ngozi, na goti huwaka wakati ndani kunateketea. Mia moja themanini na saba niliwaona, na karibu wote nilikutana nao wameshapoa, hivyo nikadhani wote huja baridi.

Nilirudi kitanda cha tisa.

"Fundi, leo ni siku gani?"

"Ya sare," alisema, na pumzi ikamkata katikati ya neno.

Nilihesabu pumzi zake kwa dakika nzima, si nusu dakika mara mbili kama tunavyofanya tukiwa na haraka. Ishirini na nane. Mapigo ya moyo, mia moja na kumi na sita. Presha, mia moja na mbili kwa arobaini na nne. Nilimuuliza Kasuku habari ya mkojo, akapekua karatasi na kusema mara moja tu tangu jana jioni, kidogo, wa rangi ya chai iliyokolea.

"Na homa?"

"Hana, Mama. Thelathini na saba na nusu."

"Alimeza nini alfajiri?"

"Vidonge vya maumivu."

"Basi homa imejificha nyuma ya vidonge."

Kasuku alishusha sauti. "Lakini presha imevuka mia. Na magoti ni ya moto. Bango linasema..."

"Najua linasema nini, nimelichora mwenyewe!" nilifoka, na mara nikajuta, kwa sababu mtoto wa watu alikuwa hajakosa lolote. Alikuwa amenisikiliza mimi.

Nilimpigia daktari. Alikuwa chumba cha upasuaji, mikono ndani ya tumbo la mtu, muuguzi wake akamshikia simu sikioni. Nilimpa namba zote.

"Magoti?" aliuliza.

"Ya moto."

"Mama, mwaka wangu wa kwanza ulinitoa jasho kwa ajili ya goti moja baridi, leo unanipigia kwa la moto? Amechoka kulala, ana hamu ya kwao. Nikimaliza saa sita nitampitia."

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Nilikata simu. Sikumkasirikia, alikuwa akinirudishia mkate niliouoka mwenyewe.

"Kasuku, mwondoe mgonjwa kwenye orodha ya kuruhusiwa. Kanula mbili za mshipani, kubwa. Chukua damu ya maabara na ya kuotesha vijidudu. Oksijeni. Anza dripu, na kila dakika kumi niandikie presha, pumzi, na kama anajua leo ni lini."

"Na dawa, Mama?"

"Dawa inataka neno la daktari. Naifuata."

Mlangoni nilikutana na binti wa fundi, begi mkononi, viatu vya mama yake vimefungwa kwenye mfuko. "Si mlisema tunaenda nyumbani?" aliuliza.

"Nilisema. Nilikosea. Mama yako anaumwa sana, na kama tusipofanya haraka tutampoteza. Kaa naye, mshike mkono, mwongeleshe, na akisinzia piga kelele."

Begi lilimponyoka. Nilitamani nikae naye kidogo, lakini nilikuwa nimeshaanza kukimbia, na vifungo vyangu vikisali kweli kweli.

Katika ujia mrefu wa kuelekea chumba cha upasuaji nilimkuta Mama Mashuka akisukuma toroli lake la nguo safi. Huyu alikuwa mke wa yule dereva. Mwaka mmoja baada ya msiba aliajiriwa chumba cha kufulia, na tangu siku hiyo hakuwahi kunipita bila kunishika mkono.

"Mbio hizo, dada?"

"Mgonjwa," nilimjibu nikihema.

"Kimbia, Mungu akutangulie. Mkono wako una baraka, mimi ni shahidi." Akavuta toroli pembeni ili nipite. "Na wakiwahi hivyo wanapona. Wangu nilimchelewesha mwenyewe, siku mbili nzima namkanda maji ya chumvi."

Aliyasema kama mtu anavyosema habari za mvua. Miaka miwili alikuwa akiyasema hivyo, nami miaka miwili nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Jioni ile ya kifo aliniuliza, "Ningemleta mapema angepona?" nami nilimwambia, "Alifika amechelewa, dada yangu." Uongo mtupu. Alifika kwa wakati. Alikaa kwetu siku moja na nusu, anaongea, anakula, anatania. Kisha nilikwenda kwenye daftari na kumchorea kijistari safu ya moyo, nikijiambia kwamba mwishoni moyo wa kila mtu husimama, kwa hiyo si uongo sana. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kilikuwa cha mwingine, kikamuumbua mjane wake.

Mbele ya chumba cha upasuaji kuna mstari mwekundu sakafuni. Viatu vya nje havivuki. Nilivua vyangu, nikajifunga barakoa, nikausukuma mlango kwa bega. Waligeuka wote: daktari, mtu wa usingizi, wauguzi wawili. Nilibaki pale pale mlangoni.

"Mama Magoti, nimesema saa sita," daktari alisema bila kuinua macho.

Nilipiga moyo konde. "Unamkumbuka dereva wa lori? Kitanda cha kumi na saba. Ulikuwa na miezi miwili hapa."

"Yule wa moyo."

"Hakuwa wa moyo. Asubuhi ile magoti yake yalikuwa ya moto, anahema, anaongea upuuzi, nami nilimcheka nikampita. Ilikuwa maambukizi. Mimi ndimi niliyeandika moyo, wewe ukanakili kwangu kwa sababu uliniamini. Leo kitanda cha tisa nimekuta yale yale, na nimempita pia, vitanda viwili mbele, kisha nikarudi. Bango langu ni bovu, daktari. Lina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Sitarudi wodini bila dawa."

Mashine ya usingizi ilivuta pumzi, ikatoa. Nilisikia baridi ya sakafu kwenye nyayo, na nilijua kwamba kabla ya saa saba hospitali nzima itakuwa na habari zangu, na miezi yangu minane huenda isifike minane. Iwe itakavyokuwa. Nilichotaka ni chupa mbili za dawa.

Daktari aliinua macho. "Anza antibiotiki zote mbili kali, sasa hivi, kwa jina langu," alisema. "Dripu lita mbili, iende mbio, msikilizeni mapafu. Mimi nafunga hapa, dakika ishirini. Mleteni, nitaufungua upya ule mkono."

Nilimrudishia maneno yake neno kwa neno, kama inavyopasa, akaitikia, nikaondoka. Viatu nilivikumbuka nilipofika wodini.

Kasuku alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda akiukamua mfuko wa dripu kwa mikono miwili. "Presha themanini na nne," alisema. Nilimgusa fundi goti. Lilikuwa limeanza kupoa. Binti yake alikuwa akimwongelesha bila kupumzika, amemaliza habari zote za ukoo na sasa anamsomea maandishi ya kwenye mfuko wa viatu. Nilisukuma dawa ya kwanza, nikatundika ya pili. Tulimpeleka kwa mbio, mimi kichwani, Kasuku miguuni, na mapafu tulimsikilizia njiani. Daktari alikuta usaha umejificha chini kabisa, kwenye ala zinazofunika kano za kiganja, mahali ambapo uvimbe wa juu hauwezi kuuonyesha.

Siku mbili zilikuwa za vuta nikuvute. Presha ilipanda, ikashuka, ikashikiliwa kwa dawa, ikashuka tena. Nililala nyumbani saa chache na kurudi. Muuguzi mkuu wa hospitali aliniita, nami nilimwandikia maelezo ya kurasa tatu, ya dereva na ya fundi, bila kujitetea. Aliyasoma, akavua miwani, akasema yatakwenda kwenye kamati. "Yaende," nilimwambia. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba mjane asiitwe ofisini akasomewa na watu asiowajua. Alikubali, akanipa hadi Ijumaa nimwambie mwenyewe.

Alhamisi nilipanda kiti nikalibandua bango. Kasuku alinishikia kiti.

"Tuandike nini sasa?" aliuliza, kalamu tayari. Kasuku ni Kasuku.

"Wewe umeona nini?"

Alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akifikiri bila kunitazama usoni. "Nimeona kwamba alikuwa hakosei vipimo," alisema, "na siku hiyo akakosea, nami nikacheka."

"Basi anzia hapo. Tafuta maneno yako."

Nilifungua daftari. Safu ya moyo nilifuta kijistari kimoja, nikaacha alama ya kufutwa ionekane, na pembeni nikaweka tarehe na sahihi yangu. Safu ya maambukizi nikaongeza viwili.

Ijumaa asubuhi nilipitisha mkono kwenye magoti ya wodi, safari hii nikisimama kila kitanda hadi mgonjwa aseme sentensi yenye kichwa na miguu. Fundi alikuwa ameketi, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko, uso umepungua. Alinitazama mara moja tu.

"Kifua arobaini na nne," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Kiuno thelathini na saba. Umekonda inchi mbili kwa siku nne. Kuna kitu kinakula."

"Kipo, fundi."

"Basi kakitoe. Mimi nikishatoka hapa nakushonea sare, lakini siwezi kumshonea mtu anayeendelea kupungua."

Nilimwachia Kasuku meza, nikateremka hadi chumba cha kufulia. Mlango ulikuwa wazi, mvuke unatoka. Mama Mashuka alikuwa peke yake mbele ya rundo jeupe lililomfikia kifuani.

"Karibu, dada! Yule wa mbio alipona?"

"Anaendelea vizuri."

"Si nilikwambia? Alhamdu... ah, mkono huo!" Alicheka, akanitupia ncha moja ya shuka. "Shika hapo basi. Mwenzangu kaenda kunywa chai, na haya hayakunjwi na mtu mmoja."

Nilishika. Tulirudi nyuma kila mmoja upande wake hadi shuka likanyooka, tukalikunja mara moja, tukasogeleana, pembe zikakutana, akachukua zangu. Akatoa jingine. Tulikunja matano hivyo, na kila tulipokutana katikati nilijiambia sasa, na kila mara nikarudi nyuma na ncha zangu mkononi.

La sita lilikuwa kubwa kuliko mengine. Tulirudi nyuma hadi mgongo wangu ukagusa ukuta, naye akasimama upande wa pili wa chumba, ananisubiri nianze kutembea.

"Mume wako hakuchelewa, dada," nilisema. "Ulimleta kwa wakati. Niliyechelewa ni mimi."

Shuka lilibaki limekaza kati yetu. Hakuliachia, wala mimi sikuliachia.